RAM tele, keneli yalia njaa: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimetoka kwenye mashine tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja: mfumo wa biti 32, RAM nyingi, na ujumbe kwamba kumbukumbu imekwisha. Tunaanza na ile iliyohitaji maelezo marefu.

Seva ina GB 9 wazi na bado programu zinauawa

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Tuna seva ya CentOS 5 ya biti 32 yenye keneli ya PAE. Inahifadhi picha za bidhaa zipatazo milioni 1.4. Ilipokuwa na GB 4 haikuwahi kutusumbua. Tumeipandisha hadi GB 16, na tangu hapo kila usiku rsync inaponakili picha kwenda seva ya akiba, baada ya dakika kama 40 httpd (seva ya wavuti) au mysqld (hifadhidata) inauawa. `free -m` inaonyesha zaidi ya GB 9 ziko wazi. Tumeongeza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) hadi GB 8, hakuna nafuu. Je, tumeuziwa RAM mbovu?
*Fundi wa seva, Dar es Salaam*

JIBU: RAM yako ni nzima, na muuzaji hana kosa. Hizo GB 9 zipo kweli, ila ziko mahali ambapo keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, haiwezi kuweka vitu vyake.

Keneli ya biti 32 inaona anwani za GB 4 tu kwa wakati mmoja. Linux inazigawa hivi: GB 3 kwa programu, GB 1 ya mwisho kwa keneli. Katika hiyo GB 1, MB 896 zimefungwa moja kwa moja kwenye MB 896 za mwanzo za RAM. MB 128 zinazobaki ni madirisha ya muda. RAM yote iliyo nje ya MB 896 za mwanzo, tuiite eneo la juu, keneli huifikia kwa kufungua dirisha, kuchungulia, kisha kulifunga. Inafaa kwa data ya programu na kurasa za faili zilizosomwa. Haifai kwa vitu vya keneli yenyewe: inode (taarifa za kila faili), majina ya faili, soketi, staki (nafasi ya kazi) ya kila uzi wa programu. Hivyo vyote lazima vikae eneo la chini. PAE, iliyoingia na Pentium Pro mwaka 1995, ilipanua anwani za RAM hadi biti 36, yaani GB 64. Eneo la chini ililiacha vilevile.

Sasa, kwa nini mambo yaliharibika ulipoongeza RAM? Keneli ni kama karani mwenye ofisi ndogo na ghala kubwa. Kila ukurasa wa RAM wa KB 4 una mstari wake kwenye daftari la karani, na daftari hukaa ofisini. Katika keneli za 2.6 za biti 32 mstari mmoja ni baiti 32. Kwa GB 4 daftari ni MB 32. Kwa GB 16 ni MB 128. Kwa GB 64 lingekuwa MB 512, zaidi ya nusu ya ofisi. Umepanua ghala, na karani amepoteza MB 96 za meza yake.

Pigo la pili ni hizo picha. rsync haina budi kuangalia taarifa za kila faili, na kila faili inaacha kumbukumbu mbili kwenye eneo la chini: ya `ext3_inode_cache`, karibu nusu kilobaiti, na ya `dentry_cache` (jina la faili), baiti 100 na ushei. Faili milioni 1 zinakaribia MB 600. Una milioni 1.4, na eneo la chini lililobaki halizidi MB 768 hata kabla ya kuondoa keneli yenyewe.

Utauliza, si keneli ingefuta zile za zamani? Inajaribu. Ila inode ambayo faili yake bado ina kurasa kwenye kashe (hifadhi ya muda ya yaliyosomwa) haiachiwi kirahisi, na kurasa hizo ziko eneo la juu ambako nafasi ni tele, kwa hiyo hakuna shinikizo la kuziondoa. Zaidi ya hapo, slabu (kurasa ambamo keneli hupanga vitu vyake vidogo) hurudisha ukurasa pale tu vitu vyote vilivyomo vikishatolewa. Inode moja iliyokaidi inazuia KB 4 nzima. Swapu nayo haihusiki kabisa, kwa sababu slabu haiendi kwenye swapu. Hizo GB 8 za diski unaweza kuzirudishia kazi nyingine.

Hakikisha kabla ya kugusa chochote. Fungua `/var/log/messages` utafute mistari ya aina hii, ya oom-killer, sehemu ya keneli inayoua programu kumbukumbu ikiisha:

`httpd invoked oom-killer: gfp_mask=0xd0, order=0, oomkilladj=0`
`Normal free:3708kB min:3756kB ... present:901120kB ... all_unreclaimable? yes`

Soma tarakimu ya mwisho ya `gfp_mask`. Ikiwa 0, kama kwenye 0xd0, aliyeomba alitaka eneo la chini tu. Ikiwa 2, angeweza kupewa la juu pia, na hapo tatizo lako ni jingine. Kisha tazama eneo `Normal`: kiasi kilicho wazi kimeshuka chini ya `min`. Hilo eneo la 901120kB ndilo MB 896 ukiondoa MB 16 za mwanzo zilizotengewa vifaa vya zamani (DMA).

Usiku rsync ikiwa inaendelea, endesha `free -lm` badala ya `free -m`. Herufi hiyo moja inakutenganishia mstari wa Low na wa High, na ndipo utaona Low ikiyeyuka huku High ikiwa imetulia. Sambamba na hiyo, `slabtop -s c` itakuonyesha nani anakula. Tunaweka dau kwa `ext3_inode_cache`.

Dawa ya usiku huu ni kufuta kashe rsync ikiwa kazini, kila dakika 5, kwa cron (ratiba ya kazi) ya root:

`sync; echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Tumia 3, usitumie 2. Namba 2 inafuta inode na majina pekee, na tumeshasema inode zinashikiliwa na kurasa za faili. Namba 3 inaondoa vyote. Si njia ya kujivunia, na diski itafanya kazi zaidi, lakini mysqld itafika asubuhi. Pamoja nayo, weka kwenye `/etc/sysctl.conf`:

`vm.vfs_cache_pressure = 1000`
`vm.min_free_kbytes = 16384`

kisha `sysctl -p`. Ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni 100, inaifanya keneli iwe mkali zaidi kwa inode na majina. Ya pili haiongezi nafasi. Inawasha taa nyekundu mapema tu, ili kadi ya mtandao isikose KB chache za dharura. Angalia pia `updatedb`: kama nayo inapita kwenye saraka ya picha kila usiku, iongeze saraka hiyo kwenye `PRUNEPATHS` ya `/etc/updatedb.conf`. Hakuna atakayetafuta picha milioni 1.4 kwa `locate`.

Wengi hukimbilia `vm.lowmem_reserve_ratio`. Kwako haitasaidia. Thamani yake ya mwisho ni 32, maana yake sehemu 1 ya 32 ya eneo la juu, kwako karibu MB 480, tayari imewekewa uzio kwenye eneo la chini ili programu za kawaida zisiingie. Anayekumalizia nafasi ni keneli mwenyewe, na uzio huo haumhusu. Vilevile kuandika -17 kwenye `oom_adj` ya mysqld kunaiokoa mysqld tu. Risasi itampata jirani.

Kuna dawa nyingine inayowashangaza wengi: punguza RAM. Kwenye mstari wa `kernel` ndani ya `grub.conf` ongeza `mem=8G`. Daftari linashuka hadi MB 64 na karani anapata pumzi. Ukipenda, chomoa vipande kabisa uvipeleke kwenye mashine inayovihitaji.

Utakutana pia na ushauri wa kutafuta keneli ya hugemem. Red Hat waliitoa kwenye RHEL 3 na 4, ikitumia mgawanyo wa Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa keneli ya Linux, ulioipa keneli karibu GB 4 zake peke yake. Gharama yake ni kubadilisha majedwali ya anwani kila programu inapoingia na kutoka kwenye keneli, na mashine yenye miito mingi inaisikia gharama hiyo. RHEL 5 iliiacha, na CentOS 5 ikafuata. Usiipandikize ya RHEL 4 juu ya CentOS 5.

Dawa ya kudumu ni keneli ya biti 64. Endesha `grep -cw lm /proc/cpuinfo`. Ukipata namba yoyote juu ya 0, prosesa inaiweza. Kwenye CentOS hilo linataka usakinishaji mpya, na kwa kuwa CentOS 5 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 31 Machi 2017, sakinisha mfumo wa sasa moja kwa moja.

PostgreSQL asubuhi safi, jioni inakataa wateja

SWALI: Mashine ni Debian 8 ya i386, keneli 686-pae, RAM GB 12, PostgreSQL 9.4 yenye `shared_buffers` ya MB 1,536. Miunganisho 300 inabaki wazi kutwa. Kufikia saa kumi jioni logi inajaa `could not fork new process for connection: Cannot allocate memory`. Kwenye `/proc/meminfo`, PageTables ni kama kB 870,000. Hiyo ni nini?
*Msimamizi wa hifadhidata, Nairobi*

JIBU: Umeshaishika shingo mwenyewe. PostgreSQL inafungua mchakato kwa kila muunganisho, na kila mchakato una majedwali yake ya kurasa hata kama kumbukumbu yenyewe ni ya pamoja. Chini ya PAE ukurasa mmoja wa jedwali, KB 4, unatosha kuelekeza MB 2. MB 1,536 zinahitaji kurasa 768 za jedwali, sawasawa na MB 3 kwa mchakato. Zidisha kwa 300: MB 900. Jedwali hujazwa kadiri mchakato unavyogusa sehemu mpya za kumbukumbu ya pamoja. Ndiyo maana saa tatu asubuhi huoni kitu, na saa kumi jioni miunganisho ya zamani imeshagusa karibu kila kona.

Angalia `grep HIGHPTE /boot/config-$(uname -r)`. Ikiwa ni `y`, majedwali ya chini kabisa yanaweza kukaa eneo la juu, na unapoteza RAM ya huko tu. Ikiwa haipo, yote yamo kwenye MB 896 na maajabu ni kwamba umefika hadi jioni. Kwa hali yoyote, kuzalisha mchakato mpya (fork) kunahitaji staki ya keneli ya KB 8, yaani kurasa 2 zinazofuatana za eneo la chini. Tazama mstari wa Normal kwenye `/proc/buddyinfo`: safu ya kwanza inaweza kuwa na namba nono huku ya pili na kuendelea ni sifuri. Nafasi ipo ila imekatikakatika, na fork inakataliwa.

Cha kwanza, weka pgbouncer (programu inayowagawia wateja wengi miunganisho michache) mbele ili michakato halisi ishuke hadi 30 au 40. Hilo pekee linaondoa sehemu kubwa ya zile MB 900. Cha pili, kurasa kubwa za MB 2 (huge pages), ambazo PostgreSQL inazikubali kuanzia hiyo 9.4. Chukua namba ya mchakato mkuu wa postgres, soma `grep VmPeak /proc/NAMBA/status`, ugawe kwa 2048. Tuseme umepata kB 1640000: jibu ni 801, basi weka `vm.nr_hugepages = 820`. Ndani ya `postgresql.conf` andika `huge_pages = on`, si `try`, maana `try` ikikosa inarudi kimyakimya kwenye kurasa ndogo nawe utadhani umepona. Usizidishe idadi: kila ukurasa uliotengwa ni MB 2 ambazo hakuna mwingine atakayezitumia. Tenga mara tu mashine inapowaka, kabla RAM haijakatikakatika.

Cha tatu, kwa kuwa ni Debian, unaweza kubadili keneli peke yake na programu zote zikabaki za biti 32:

`dpkg --add-architecture amd64`
`apt-get update`
`apt-get install linux-image-amd64:amd64`

Vifurushi vya toleo 8 sasa viko archive.debian.org, rekebisha `sources.list` kwanza. Ukishawasha upya, mipaka ya eneo la chini inatoweka, na kila programu ya biti 32 inapata karibu GB 4 nzima badala ya 3. Yanayovunjika ni machache lakini yanakera. Moduli zilizojengwa nje ya Debian zinataka kujengwa upya, skripti zinazouliza `uname -m` zitapata x86_64 na kupakua kisichofaa (ziendeshe kupitia `linux32`), na zana za IPsec za biti 32 hazielewani na keneli ya biti 64 ya wakati huo. Usiiondoe keneli ya zamani kwenye GRUB mpaka wiki ipite.

Windows Server 2003, Event 2019 na 2020

SWALI: Ndugu wahariri, seva yetu ya mafaili ina Windows Server 2003 Enterprise ya biti 32 na GB 8. Aliyetutangulia aliweka /3GB kwenye boot.ini "ili iende kasi". Siku hizi kila baada ya siku nne wateja wanatupwa nje na Event Viewer inaandika 2019, mara nyingine 2020.
*Afisa TEHAMA, Arusha*

JIBU: Iondoe /3GB leo. Swichi hiyo inaipa programu moja kubwa, yenye uwezo wa kuitumia, GB 3 za anwani, na inamkata Windows nusu ya zake: kutoka GB 2 hadi GB 1. Seva ya mafaili haina programu ya namna hiyo. Kazi yake yote inafanyika ndani ya keneli. Kwa /3GB, nonpaged pool (kumbukumbu ya keneli isiyoweza kuhamishiwa diski) inashuka kutoka ukomo wa MB 256 hadi MB 128 bila kujali una GB 8 au 16. RAM iliyozidi GB 16, Windows yenye /3GB haiitumii kabisa. Kama kuna programu inayolazimisha swichi hiyo, iandike pamoja na `/USERVA=3030`, inayomrudishia keneli MB 42.

2019 ni nonpaged pool, 2020 ni paged pool, ile inayoweza kuhamishiwa diski. Kwa 2020, nenda kwenye `HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management`, weka `PoolUsageMaximum` kuwa 60 ya desimali na `PagedPoolSize` kuwa FFFFFFFF, uwashe upya. Hiyo 60 inamwambia Windows aanze kupunguza pool ikifika asilimia 60 badala ya 80.

2019 inayorudi kila siku nne inanuka dereva (programu inayoendesha kifaa) inayovuja, yaani inachukua kumbukumbu bila kuirudisha, na kuondoa /3GB kutaifanya irudi kila siku nane. Endesha `poolmon -b`, bonyeza P mpaka ubaki na Nonp pekee, uandike tagi (alama za anayechukua kumbukumbu) tano za juu. Rudia kesho saa ileile. Tagi inayopanda bila kushuka ndiyo mwizi wako. Ingia `C:\WINDOWS\system32\drivers` uandike `findstr /m /l TAGI *.sys` na herufi nne za tagi hiyo, utapata jina la faili. Anza kuwashuku kinga ya virusi na programu ya kuchukua nakala za akiba. Ukishaimaliza hii, panga kuhama: Microsoft walifunga msaada wa toleo hilo tarehe 14 Julai 2015.

Windows 98 na GB 1

SWALI: Duka letu la mabango lina mashine ya kukata vinyl ambayo programu yake inataka Windows 98 na poti ya sambamba (parallel port). Ubao wa kompyuta umekufa, tukapata mwingine wenye GB 1. Windows ikiwaka, dirisha la DOS linasema hakuna kumbukumbu ya kutosha. Mara nyingine haiwaki kabisa.
*Mombasa*

JIBU: Chomoa kipande kimoja, ubaki na MB 256 au 512. Mkataji wa vinyl hana haja ya zaidi.

Kama ni kipande kimoja cha GB 1, shida ni Vcache, kashe ya diski. Windows ikiwaka inapima RAM na kuitengea kashe anwani kulingana na ukubwa huo, hata kama haitazitumia. Anwani hizo zinatoka kwenye GB ya mwisho, kuanzia C0000000, ambako kadi ya picha ya AGP na madirisha ya DOS nayo yanagombea. Bonyeza F8 wakati wa kuwaka, chagua mstari wa amri pekee, andika `edit c:\windows\system.ini`. Chini ya `[vcache]` weka `MaxFileCache=262144`, ambayo ni KB, yaani MB 256. Chini ya `[386Enh]` weka `MaxPhysPage=20000`. Hiyo ni heksadesimali: kurasa 131,072 za KB 4, MB 512. Ukiweka 30000 ni MB 768. Andika kama ilivyo bila kubadilisha kuwa desimali, la sivyo Windows itabaki na RAM ya ajabuajabu. Ukiwa kwenye BIOS shusha AGP aperture hadi MB 64.

XP na GB 3.25

SWALI: Nimeweka GB 4, XP ya biti 32 inaonyesha 3.25. Zimeenda wapi?
*Bujumbura*

JIBU: Chini ya alama ya GB 4 kuna anwani za kadi ya picha, mtandao na BIOS, na RAM iliyoangukia hapo inafunikwa. Ubao unaweza kuihamishia juu ya GB 4, ila XP ya biti 32 haitumii chochote cha juu ya hapo hata PAE ikiwa imewashwa, kwa sababu ya madereva yasiyojua anwani ndefu. Kadi ya picha yenye kumbukumbu ndogo itakurudishia kiasi. Swichi ya boot.ini haitakurudishia kitu.